Vikombe vya Wageni

Usiku wa jana niliota nimesimama sebuleni kwangu na ufagio mkononi, na kochi likaniuliza nina shida gani.

"Nataka kukaa," nikasema. "Nimechoka."

"Wewe ni mgeni?"

"Mgeni wa wapi? Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Basi huruhusiwi," likasema kochi, likajifunika kitambaa chake vizuri. "Sheria ni yako, mama."

Kweli ni yangu. Makochi yale na vitambaa nilivyofuma mwenyewe, na vikombe vya ukingo wa dhahabu vilivyofungiwa kabatini, ni vya wageni. Ufunguo naufunga kwenye pindo la kanga, nalala nao. Sisi wa nyumbani tunakaa kwenye vigoda vya uani na kunywea vikombe vya bati. Ndivyo mama alivyonilea, na sioni haya kusema.

Lakini jioni, kabla sijalala, mume wangu alikuwa amefunga begi. Baba Shani si mtu wa maneno mengi. Alisema tu kwamba asubuhi anakwenda Singida kwa binti yetu. "Mgongo unaniuma, mama Shani. Kule nitapata pa kukaa." Nikamwambia aende salama, nikaendelea kufagia. Moyo ulikuwa unaniuma, ila kiburi kilinizuia kusema lolote.

Basi namtafuta ndotoni. Nafungua mlango wa chumbani, natokea zahanati. Benchi limejaa wagonjwa, wote wametulia, wanakunywa chai kwenye vikombe vyangu. Nesi ananipima mapigo ya moyo kwa kijiko.

"Huna utulivu hata kidogo," anasema. "Umeuweka wapi?"

"Kabatini. Nautunza."

"Unamtunzia nani?"

"Wageni."

"Walikuja lini?"

Nafikiri sana. Namkumbuka shemeji, mwaka ule wa msiba wa mama. Hata yeye hakukaa, alikuwa anawahi basi.

Kikombe kimoja kinashuka kutoka mkononi mwa mgonjwa, kinanisogelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Tangu harusi yenu, leo ndiyo mara ya kwanza tunaonja chai. Mwenzetu mmoja amepata ufa kwa kukaa tu." Kinasema bila kunilaumu, na hapo ndipo ninapoumia.

"Sasa nifanyeje?"

"Toka nje upige hodi. Ukiwa mgeni utakaa."

Natoka. Nikigeuka, zahanati imekuwa nyumba yangu na mlango umefungwa. Napiga hodi. Kimya. Napiga tena. Sasa naogopa kweli. Kama Baba Shani ameshaondoka, nani atanikaribisha?

Kisha nasikia sauti yake, taratibu kama kawaida yake. "Karibu, mama Shani. Pita ukae."

Naingia, nakaa. Kochi halisemi kitu. Ananimiminia chai, tunakunywa wawili, na sakafu ina vumbi na mimi naliangalia tu. Sikumbuki lini nilikaa hivyo, mikono mapajani, bila kutaka kuinuka.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka. Ufunguo ulikuwa palepale kwenye pindo la kanga, fundo halijaguswa. Nikaenda sebuleni, nikakuta kabati limefungwa. Nikalifungua.

Vikombe viwili vilikuwa na machicha ya chai ndani, bado mabichi.

Nikavisuuza, nikachemsha maji. Baba Shani alikuwa uani, anafunga kamba za viatu, begi liko pembeni yake. Sikumsimulia kitu. Nilimwomba tu aingie sebuleni mara moja. Akaingia, akasimama katikati ya chumba na kofia mkononi, maana hajawahi kuambiwa akae pale. Nikaweka birika na vile vikombe viwili mezani, nikavitoa vitambaa kwenye makochi.

Nikatoka kwa mlango wa mbele, nikaufunga nyuma yangu.

"Hodi," nikasema.

Kimya. Nikasema tena, safari hii kwa sauti zaidi.

Nikasikia springi za kochi zikilia, mtu anakaa.

"Karibu, mama Shani," akasema. "Pita ukae."