Mng'ao Uliochelewa Kufika

Mdogo mtu alipompelekea dada yake chakula cha mchana kazini, alimkuta mwanafalaki huyo ameinamia skrini, hata salamu akaiitikia kwa mkono. Wenzake walikuwa wamekwisha kukata tamaa ya kuona chochote kutoka kwa nyota iliyolipuka. Yeye aliomba saa moja zaidi ya darubini ya redio.

"Dada, si ulisema mmweko wa miale ya gama ulizimika baada ya sekunde chache? Mwezi mzima unatafuta nini?"

"Nyota ilipolipuka, ilirusha vitu kwa kasi ya ajabu, vikagonga gesi iliyoizunguka. Gesi hiyo hubaki iking'aa. Kwa macho huioni tena, ila kwa mawimbi ya redio huenda ndiyo kwanza inaanza kuonekana."

Mdogo wake alikuwa bado anamfungulia bakuli pale mstari wa nguvu ya mawimbi hayo kwenye skrini ulipoinuka kidogo kidogo. Dada akapima upya, kisha akapima tena. Mstari haukushuka.

"Mng'ao huu ulianza safari kabla dunia haijakuwepo," alisema kwa sauti ya chini, akamvutia kiti.

Mdogo wake akakaa. Tangu utotoni alizoea kumtania kwa ukaidi wake. Sasa alimtazama, akaona fahari kwamba wamezaliwa tumbo moja.