Binti wa Lukole

Muksini hakukusudia kumuumiza mtu. Lakini usimwonee huruma mapema, maana uongo ule aliuandika mwenyewe, mchana kweupe, ameshiba chapati na chai.

Kazi yake pale Nyakanazi, kwenye kibanda karibu na stendi, ni kuwaingizia madereva wa malori nyimbo kwenye flashi. Mapenzi yake ni kanda za marehemu baba yake, mzee Saidi, ambaye miaka ya tisini alizunguka Biharamulo na Ngara na redio yake akirekodi harusi, ngoma na kwaya. Muksini alizihamishia kwenye kompyuta, akaziweka mtandaoni. Akapata wenzake wenye ugonjwa huohuo, na wao wakamtumia vituko vyao: mahubiri yaliyokatizwa na mbuzi, bendi iliyopigia chini ya bati mvua ikinyesha mpaka gitaa halisikiki. Alikuwa mtu wa furaha.

Kisha akaikuta kanda moja. Sauti tupu, bila ala, inaimba kwa Kihangaza, lugha ya Ngara. Inaanza juu, na kila ubeti inazidi kupanda, mpaka mwisho imekuwa nyembamba kama uzi. Muksini hajawahi kusikia binadamu akiimba hivyo. Juu ya kasha mzee Saidi aliandika neno moja tu: Kasulo. Sasa Kasulo itamvuta nani? Lakini Lukole si mbali na hapo, na Lukole kulikuwa na kambi, wakimbizi, majonzi. Akaandika: "Binti wa Lukole, 1996." Watu elfu arobaini wakasikiliza.

Mmoja wao alikuwa Niragira, mwanamke aliyekulia kambini na sasa anaishi ng'ambo. Kirundi chake na Kihangaza ni ndugu, kwa hiyo maneno aliyaelewa. Aliandika: "Kaka, huyo ni mdogo wangu. Tulipotezana mwaka tisini na tano, akiwa na miaka kumi na tatu. Kama tisini na sita alikuwa anaimba, basi alikuwa hai." Tangu hapo, kila Ijumaa, aliuliza kama kuna habari. Na kila Ijumaa Muksini alijibu kwamba bado anatafuta. Hakuwa anatafuta chochote. Uongo ni kama kuku wa kienyeji, ukimfuga mmoja kesho utakuta vifaranga.

Miezi saba ikapita hivyo. Siku moja akaingia kibandani mama wa makamo, kajifunga kitenge, kashika simu yenye kioo kilichopasuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Saidi mwenye redio?"

"Ndiye."

"Mimi Adventina, wa Kasulo. Huyu unayemwita binti ni mume wangu."

Muksini akacheka. Mama hakucheka. Akaipiga ile kanda kwenye simu yake na kuuimba wimbo kabla haujafika, kila mstari akiutangulia. Alisema mumewe, Desderius, aliutunga na kuuimba siku ya harusi yao. Alifariki wakati binti yao, Zita, akiwa bado tumboni, na hakuacha sauti popote.

"Zita ana miaka ishirini," alisema. "Hajui baba yake alikuwa anaongeaje."

"Mama, wimbo unaweza kuwa wake. Lakini sauti hii ni ya msichana."

"Baba yako alikuwa anaanika betri juani ili zipate nguvu. Siku ile zilimwishia. Alizing'ata mbele ya wageni wote."

Muksini akazikumbuka. Betri zile ni yeye aliyekuwa akizipanga juu ya bati utotoni. Na mtoto wa mwenye redio, lo, kitu hiki alipaswa kukijua: betri zikichoka, kanda inazunguka polepole wakati wa kurekodi. Ukija kuipiga kwa betri nzima, sauti inakwenda mbio na kupanda. Kadiri betri za mzee Saidi zilivyokufa, ndivyo Desderius alivyogeuka msichana.

"Lakini nikipunguza kasi," alisema, "hata wewe mama nitakufanya mwanamume. Nitajuaje pa kuishia?"

"Mwishoni inalia kengele. Ile ni rimu ya lori iliyotundikwa mtini kwenye kanisa letu la kigango. Bado ipo."

Ijumaa asubuhi wakapanda gari mpaka Kasulo. Katekista Pancras aliigonga rimu kwa nondo, tena na tena, bila kuuliza sana. Muksini, simu sikioni, alipunguza kasi kidogo kidogo. Kwenye kanda kengele ilikuwa ikilia kama kijiko kwenye glasi. Ikashuka, ikashuka, mpaka ya simuni na ya mtini zikawa kengele moja. Akarudisha nyuma kwenye ubeti wa mwisho.

Akasikia mwanamume. Sauti nene, imekauka kidogo, na noti za juu zinampiga chenga. Ajabu yote ikaisha pale pale. Muksini aliona uchungu, tusifichane.

Adventina alikaa chini kwenye majani. Akampigia Zita, akazikutanisha simu mbili.

"Umesikia? Huyo ndiye baba yako," alisema huku machozi yanamtoka. "Kuimba alikuwa hajui. Mwimbaji alichelewa, naye akasema harusi yake haitakaa kimya."

Wakati huo ukaingia ujumbe wa Niragira: "Kaka, kuna habari?" Muksini akautazama sana. Angeweza kujibu kama kawaida, na nani angejua? Adventina akamuuliza kuna nini, naye, kwa aibu, akamweleza yote, na Lukole ya kubuni ikiwemo.

Mama alijifuta machozi kwa kitenge. Hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi.

"Mwambie," alisema hatimaye. "Usimwache mtoto wa watu akimsubiri mume wangu."

Muksini akarekodi ujumbe wa sauti, maana kuandika aliona ni kujificha. "Dada Niragira, Lukole niliiandika mimi, na sikuwahi kutafuta. Aliyeimba ni bwana harusi wa Kasulo. Nisamehe." Akautuma, na wimbo wenyewe, katika kasi yake ya kweli, akautuma nyuma yake.

Alama za ujumbe zikageuka bluu: ameusikiliza. Walisubiri mpaka Pancras akaenda kula na kurudi. Ndipo jibu likaja.

"Mdogo wangu nilikuwa nimeshamlia, nikaacha kwa ajili yako. Sasa nitaanza upya. Lakini niambie jina la huyo bwana. Miezi saba nimelala nikimsikiliza."

Muksini akampa Adventina simu, na Adventina akaandika jina hilo mwenyewe, kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi.