Mjane wa Kituo cha Sita

Mume wangu alifariki mwaka juzi, siku ya Jumanne, saa sita kasoro mchana, akiwa amesimama mlangoni na kibendera cha njano mkononi. Alijitangaza mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeinama naokota pini sakafuni, nikamsikia akiwaambia wageni kwa sauti ya msibani, "Mumewe, masikini, hatunaye tena." Nikainua kichwa kutazama nani amefiwa.

Kazi yake ni kutembeza wageni. Mjini wanamwita Kipaza, kwa sababu akizungumza sokoni anasikika hadi stendi. Siku ile mvua iliwakamata njiani, akawaingiza kwetu wajikinge, na mama mmoja mwenye miwani akauliza mwenye nyumba yuko wapi. Mtu mwenye akili zake angesema, "Ndiye mimi." Yeye aliyaona yale macho ya huruma, akaziona na nyota tano ambazo wageni wangempa mtandaoni, akajiua. Yule mama alinikumbatia mimi pamoja na pini zangu, akalia. Tangu hapo nyumba yetu ikawa kituo cha sita na cha mwisho cha ziara: Nyumba ya Mjane wa Mlimani.

Kufa kufaana, wanasema. Sisi tulifaana na kifo ambacho hakijatokea. Na kifo chenyewe kilikuwa kinapandishwa cheo kila baada ya miezi michache. Mwanzo alikufa kwa homa. Baadaye akateleza jabalini. Kufikia majira ya baridi alikuwa amekufa akiwaokoa wapanda mlima watatu, mmoja wao mjamzito. Watoto wetu wawili wako shule ya bweni, na namshukuru Mungu hawajasikia jinsi walivyo yatima.

Mimi ni fundi cherehani. Lakini mjane wa mlimani, kwa maelezo ya marehemu, hana umeme, basi kila siku kabla ya saa sita cherehani yangu ya mota inaingizwa chumbani na kufunikwa blanketi. Picha ya harusi inafichwa nyuma ya kabati. Saa ya ukutani inasimamishwa, maana eti mlimani wakati hausogei. Na mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anafungiwa jikoni, kwa kuwa anaharibu upweke wangu. Huko jikoni namsikia akinung'unika, "Maneno huumba, mwanangu. Utakiita kitu kije." Wageni wakishaondoka natoa kila kitu na kuanza kazi upya, nusu ya siku imekwenda.

Sikuwa namwomba makubwa. Nilimwambia mara nyingi, "Baba watoto, ua unayetaka kumuua. Lakini siku moja tu, mbele ya watu, sema huyu ni mke wangu."

"Mke wangu, si unajua mwenyewe? Wageni wakijua itawasaidia nini?"

"Itanisaidia mimi."

"Sawa, tutaangalia," hunijibu, kisha huenda kunyoosha kibendera.

Ili nijue ninashindana na nini, siku moja nilijifunika shali nikaifuata ziara nzima kuanzia mwanzo. Ni mwendo wa saa mbili na nusu, vituo sita. Kituo cha kwanza ni mnara ambao, kwa mujibu wa Kipaza, alijengewa malkia aliyekuwa akiwasubiri wapiganaji wake. Ulijengwa na idara ya maji kubebea tangi, na baba yangu mdogo alichanganya zege pale. Kisha soko la kale, ambalo lilifunguliwa mwaka tuliooana. Kisha ngazi za mashujaa, zinazopanda vidato mia na arobaini na kuishia kwenye ukuta, kwa sababu mkandarasi alishika ramani kichwa chini.

Cha nne ni genge la mwamba la kutazamia kilele. Kilele hicho kinajifunika mawingu miezi kumi na moja kwa mwaka. Kipaza aliwasimamisha watu mbele ya ukungu mweupe pe, akasema, "Wenye moyo safi wataanza kukiona upande wa kushoto." Wote walikiona. Bwana mmoja akaona hadi theluji, akampiga picha mkewe mbele yake. Nami, Mungu anisamehe, nilikodoa macho hadi yakaniuma.

Cha tano ni maporomoko nje kidogo ya mji. Hayo ni bomba lililopasuka. Lina miaka minane linamwaga maji, na mafundi walipokuja kuliziba, watembeza wageni waliandamana na mabango hadi wakarudi walikotoka. Sasa limewekewa uzio na kibao. Baada ya hapo ndipo wanapopanda kwangu, miguu imechoka na mioyo imelainika. Siku ile nilipita njia ya mkato nikawatangulia kigodani.

Alhamisi ninayotaka kuisema walikuja wageni tisa. Mimi nilikuwa na sketi arobaini za wanafunzi za kukabidhi kesho yake, na kumi na tisa hazijatiwa pindo. Nimekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, nawapigia hesabu wageni waondoke lini. Kipaza yuko jabalini na mjamzito wake. Watu wanajifuta macho.

Mmoja hakuwa anasikiliza. Mzee mmoja mtulivu, shati limepigwa pasi, alikuwa anaitazama saa ya ukutani tu. Akaniomba ruhusa, akaishusha, akaifungua mgongo kwa kisu kidogo. Akatoa kijiti cha meno.

"Haina ugonjwa," akasema. "Imesimamishwa makusudi. Mimi nimetengeneza saa miaka thelathini na minane na sijaona ukatili huu."

Kipaza akakohoa. Mzee akairudisha saa ukutani, ikaanza kugonga, kisha akautazama mkono wangu. "Mama, wewe ni mshonaji. Hicho kidole kimevaa kastabini miaka mingi."

Sijui nieleze vipi. Miaka miwili watu wamepita humo ndani kwa mamia, wamenilia, wamenipiga picha, wamenishika mashavu, na hakuna aliyeniona. Nikasema tu, "Ndiyo, baba."

Akavua kofia, akakaa kwenye kiti, kitu ambacho wageni hawaruhusiwi. "Bwana kiongozi," akamwita Kipaza, "umetuambia wewe kwa mama huyu ni kama kaka."

"Kaka kabisa!" Kipaza akajipiga kifua. "Hata tonge halimpiti kabla sijajua."

"Vizuri. Basi nazungumza na wewe kwa heshima, mbele ya hawa mashahidi. Mimi nilifiwa na mke wangu, huu mwaka wa nne. Nina nyumba, sinywi, nakoroma kidogo. Naomba kumposa dada yako." Akanigeukia mimi. "Ukipenda wewe mwenyewe, mama. Usipopenda, nitashukuru kwa maji ya kunywa niondoke." Kisha akamrudia Kipaza. "Shemeji, unasemaje?"

Wageni wakashika vinywa. Msichana mmoja tayari alikuwa ameinua simu anarekodi. Na Kipaza akaanza kukikunja kibendera chake, akakikunjua.

Nilifurahi, sifichi. Nikajiwazia, leo hana pa kupita. Mwanamume gani atasimama mke wake anaposwa mbele yake na anyamaze? Nikamsaidia hata. "Kaka," nikasema, "unaulizwa."

"Jambo hili..." akaanza, "jambo hili lina taratibu zake."

"Zipi?" akauliza fundi saa.

"Marehemu aliacha wosia. Asiolewe."

Kwa hiyo alijiua mara ya pili, na safari hii kwa maandishi. Nikasimama kutoka kwenye kigoda. "Baba," nikamwambia mzee, "ahsante kwa heshima uliyonipa. Lakini mimi nina mume. Yuko hai, mzima, asubuhi ya leo kamaliza chai yote."

Wote wakamgeukia Kipaza. Hakutakiwa kusema chochote tena, kutikisa kichwa tu kungetosha. Nilimwangalia, naye akaniangalia. Kisha akaiangalia ile simu inayorekodi. Akaweka mkono kifuani, akashusha sauti.

"Wageni wapendwa, mtuwie radhi. Mama bado hajakubali. Zipo siku huwa anaongea hivi."

"Masikiiini!" wakasema kwa pamoja, na mama mmoja akanifuata na leso.

Nimeitwa mengi katika ndoa hii. Mkali, mbishi, mchoyo wa sukari. Lakini kuitwa mwehu na mtu niliyemshonea hiyo suruali aliyosimama nayo, nilihisi moto ukinipanda kutoka kwenye nyayo. Nikaingia chumbani, nikaipapasa picha ya harusi nyuma ya kabati, nikaja nayo na vumbi lake nikampa mzee.

Fundi saa hakuwa mtu wa pupa. Alitoa kioo chake cha kazi mfukoni, akakibana jichoni, akamkagua bwana harusi. Akamkagua Kipaza. Akarudi kwenye picha. "Nywele zimepungua," akasema. "Masikio ni haya haya."

"Ni pacha wangu!" Kipaza akabwata.

"Pacha wako ndiye mumewe, na wewe ni kaka wa mama huyu?"

Hapo mlango wa jikoni ukafunguka. Mama mkwe akatoka na mwiko unaodondosha mchuzi. Miaka miwili ya kufungiwa ilikuwa imemkaa shingoni.

"Pacha?" akasema. "Mimi nilizaa mmoja, na huyo mmoja alinitosha. Huyo mwingine nilimzaa nimelala? Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yako imeishia jikoni kwangu!"

Wageni waliangua kicheko. Hata mwenye leso alijipangusa upya, sasa kwa kucheka. Kipaza bado alikuwa na nafasi. Angecheka nao, angesema jamani nimekamatwa, huyu ni mke wangu, na mimi ningemsamehe palepale, ndivyo nilivyo mjinga. Lakini aliinua kibendera. "Wageni wapendwa, basi linatusubiri!" Akatoka wa kwanza, hakugeuka.

Fundi saa alitoka wa mwisho. "Mama, nisamehe," akasema. "Ningejua una mume, nisingefungua mdomo."

"Hata mimi ningependa kujua kama ninaye, baba."

Akainamisha kichwa, akavaa kofia, akaenda. Nami nikaitoa cherehani chumbani, nikaiweka dirishani kabisa, barabara nzima iione, nikaanza pindo. Mama mkwe akakaa pembeni yangu akinitungia uzi kwenye sindano za akiba, ingawa haoni vizuri na nyingi zilimshinda.

Jioni, saa kumi na mbili, mlango ulisukumwa. Nilikuwa nimetia komeo.

"Fungua."

"Nani?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Usinifanyie hivyo, watu wananiangalia."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Nilimwona kupitia dirishani akitazama kushoto, akitazama kulia. Kisha akauegemea mlango akanong'ona, "Mume wako."

"Sijasikia."

"Hata mimi mzazi sijasikia," akadakia mama mkwe.

Baridi ya mlimani haina huruma na mtu aliyeacha koti ndani. Hatimaye ile sauti inayofika stendi ikatoka yote: "Mimi ni mume wako! Niko hai!"

Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akachungulia dirishani kwake. "Tunajua!" akapiga kelele. "Ingia ndani tusikilize redio!"

Nilikuwa nimepanga kucheka. Badala yake nililia, nikalowesha sketi ya mtoto wa watu, na nikafungua huku bado nalia. Akaingia kichwa chini, akala, akalala. Nilikesha na sketi zangu, lakini moyo ulikuwa mwepesi. Nilidhani limekwisha.

Kesho yake nilikabidhi kazi mapema, nikarudi kuanza nyingine. Saa sita kasoro nikasikia vishindo vya viatu nje, vingi kuliko siku zote. Ile video ya msichana ilikuwa imezunguka mji mzima hadi kwa watu wa bondeni. Mlango ukafunguliwa na kibendera kikatangulia.

"Na hapa, wageni wapendwa," akasema Kipaza kwa sauti mpya, ya harusini, "ndipo mume aliporudi kutoka kwa wafu! Mtu huyo ni mimi. Na huyu," akaninyooshea mkono wote, kifua mbele, machozi yakimlengalenga machoni, "huyu ni mke wangu!"

Simu ishirini zikainuliwa. Wakapiga makofi. Akawaangalia wao, mmoja mmoja, kuona kama limewaingia.

Mama mmoja wa mbele, aliyekuwa anahema bado kwa kupanda, akaniinamia. "Ni kweli, mwenzangu? Huyu ni mume wako?"

"Ndivyo anavyosema," nikamjibu, nikakanyaga cherehani.