Mguu Uliopata Alama Zote

Soksi ilikuwa imegandana na mguu. Niliimwagia maji ya uvuguvugu, nikasubiri, nikavuta kidogo, na kila nilipovuta kilikuja kitu ambacho hakikuwa kitambaa. Ilipofika kwenye vidole ikaachia ghafla, uvundo ukapanda ukanijaa kinywani kama nimeumeza. Kidole gumba kilikuwa cheusi. Chini yake, kwenye unyayo, palikuwa na shimo lenye majimaji ya rangi ya chai ya maziwa, na ndani ya shimo kitu cheupe kilijipindua.

Nyuma yangu dada yangu, aliyebakiza mtihani mmoja tu awe muuguzi, alitapika mlangoni.

"Kwani kuna nini?" shangazi akauliza. Alikuwa amelala chali kwenye kochi, anatutazama sisi badala ya mguu. "Mbona mnanitisha? Mimi hata siumwi."

Hilo ndilo lililokuwa baya. Sukari ilishaua hisia zote za miguu yake.

Dada alikuwa amemaliza chuo, lakini mtihani wa leseni ulimshinda mara ya kwanza kwenye sehemu ya vitendo. Mwaka ule alikuwa anarudia. Shangazi yetu alipohamia kwetu na ugonjwa wake wa sukari, dada alifurahi kuliko sote, maana alipata mgonjwa wa kufanyia mazoezi hapohapo sebuleni. Mimi niliishia darasa la tano, mwaka aliofariki mama, kwa sababu lazima mtu abaki na sufuria. Nilipika, nikafua, nikamwogesha shangazi. Miguu tu ndiyo aliyonikatalia. Aliona haya. "Imekaa vibaya, mwanangu, niachie mwenyewe," alisema. Baadaye akawa anashinda na soksi, anasema baridi.

Kila alasiri alikuja kijana aliyesoma na dada, tuliyemwita Profesa kwa sababu ya miwani na maneno yake. Alikaa kwenye stuli na karatasi ya mtahini, dada akasimama mbele ya kochi na kutaja kwa sauti kila anachofanya. Kumbe kwenye mtihani ule alama hutolewa kwa hatua uliyoitaja. Usipoitaja, hata kama umeifanya, huipati.

"Nahesabu pumzi kwa dakika nzima," dada alisema, na zilikuwa zimepita sekunde tatu. "Ishirini. Sasa nakagua miguu yote miwili, unyayo na katikati ya vidole. Hakuna kidonda. Hakuna mabadiliko ya rangi."

"Tiki," alisema Profesa. "Tiki. Tiki."

"Wewe mtoto, hayo macho yako yanapenya soksi?" shangazi alimuuliza dada siku moja.

"Kwenye mtihani ni mwanasesere, shangazi. Hana soksi."

"Basi heri yeye. Angalau mnamvua."

Walicheka. Nami nilicheka.

Baada ya mazoezi dada aliandika kwenye daftari: tarehe, mapigo, pumzi, miguu. Alikuwa na mwandiko mzuri, na mistari aliipiga kwa rula. Pumzi zilikuwa ishirini kila siku, kama vile shangazi ni saa ya ukutani.

Kisha ikaanza harufu. Mwanzoni ilikuwa kama maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chombo. Halafu ikawa nyama.

"Wewe Kimya," dada aliniambia, maana hilo ndilo jina walilonipa, "dekio lako limeoza au?" Akanunua dawa ya kupuliza yenye harufu ya ndimu, na kuanzia hapo nyumba ikanuka ndimu na mzoga. Nilijua inatoka wapi. Nilipoinama kupiga deki chini ya kochi ilinipiga usoni. Niliinuka, nikafungua dirisha, nikaenda kulia chakula changu jikoni, nimegeukia ukuta ili kisinirudi.

Mara moja nilijaribu. "Dada, miguu ya shangazi..."

"Imefanya nini?"

Profesa akanitazama juu ya miwani. Shangazi naye akanitazama.

"Hakuna kitu," nikasema, nikarudi kwenye viazi vyangu.

Jumanne ile ya soksi shangazi alikuwa anatetemeka, midomo imekauka. Dada akasema mgonjwa ametulia. Tiki. Alipomaliza, Profesa alipiga makofi: alama zote, hakukosa hata moja. Shangazi hakutania chochote, na ukimya wake ndio ulionitoa pale nilipokuwa. Niliacha ndoo nikapiga magoti mbele ya kochi.

"Usimguse, hujafundishwa!" dada alisema. Lakini soksi nilikuwa nimeshaishika.

Hospitalini, sista wa zamu alikuwa mama mtu mzima. Aliutazama mguu kwa muda mrefu bila kukunja uso.

"Nani anamhudumia?"

"Mimi," dada akasema. Alikuwa amebeba daftari. "Namkagua kila siku. Jana miguu ilikuwa safi, nimeandika."

Sista alisoma kurasa mbili, akalifunga, akamrudishia. Kisha akanigeukia mimi, niliyenuka kuliko wote.

"Daktari anajaribu kuona kama ataweza kuliokoa goti. Kidonda hiki kimeanza lini?"

"Siku nne," nikasema.

Kalamu yake haikugusa karatasi. "Nne?"

Dada alikuwa ananitazama.

"Tisa. Harufu ilianza Jumapili, si hii ya juzi, ile ya kabla yake. Jumatano akaacha kumaliza chakula. Ijumaa alikunywa majagi matatu ya maji. Leo asubuhi ndipo akaanza kutetemeka."

Akaandika yote. Kitanda kilikuwa hatua mbili kutoka pale tuliposimama, na shangazi alikuwa macho.

Walikata chini ya goti. Dada alifanya mtihani mwezi uliofuata akafaulu. Kwenye kipengele cha miguu walimpa alama zote. Sasa ni muuguzi, anavaa sare nyeupe inayopigwa pasi na mimi. Akirudi kutoka kazini akakata mkate, mkate huo siuli. Na huwa naosha mikono yangu mara mbili, tatu, kabla sijaugusa wangu.

Shangazi alipopata nafuu, mwanawe alikuja kumchukua akaishi naye. Siku ya kuondoka dada alimfungia dawa, akamweleza masharti kwa mpangilio, bila kusahau hata moja. Shangazi akamshukuru. Nilipoinama kumvalisha kiatu chake kimoja, aliushika mkono wangu kwa vidole viwili, akauweka pembeni.

"Acha," akasema, wala si kwa hasira. "Nitavaa mwenyewe."

Ilimchukua muda mrefu. Sote tulisimama tukisubiri.