Kopo Lisilopungua

Jumatatu asubuhi, kabla ya kubandika chai, Mama Rael alichora mstari wa kalamu ya bluu ubavuni mwa kopo, pale sukari ilipofika. Alikuwa ametoka kijijini Chepsaita kuja mtaa wa Kapsoya kumtunza mke wa mwanawe, Jepchumba, aliyekuwa na mimba ya miezi saba na ugonjwa wa kisukari. Kumtunza ni neno lake mwenyewe. Majirani walisema anamchunga.

Mtoto wa kwanza alikuwa amefia tumboni, mimba ikiwa ya miezi minane, na ukoo mzima ukakubaliana kwamba msichana alikula sukari kwa siri. Hakuwa amekula. Sasa alitaka mtu mmoja tu amwamini kabla huyu wa pili hajafika, maana aliogopa, jamani, aliogopa.

Alijidunga kidole mara nne kwa siku na kuandika namba za sukari ya damu kwenye daftari. Kule kliniki Sista Tryphosa alizikagua moja moja.

"Hizi ni nzuri sana," akasema. "Umepima ama umetunga?"

"Ni mashine imesema, Sista."

"Mashine haina shida. Shida ni watu."

Akagonga muhuri. Hakumuuliza analala vipi.

Alhamisi, akifagia chumba cha Jepchumba, Mama Rael alikuta punje nyeupe chini ya kitanda. Akalamba moja. Ilikuwa sukari. Akakimbilia jikoni na kukuta kopo liko palepale kwenye mstari wa bluu. Mwingine angeona haya. Yeye alinunua kufuli, akalifungia kopo ndani ya sanduku lake la nguo.

Ijumaa punje zilikuwa juu ya mto. Kiplimo, mume wa Jepchumba, ambaye ni mwalimu, aliukung'uta mkoba wa mkewe juu ya meza, vile anavyopekua wanafunzi siku ya mtihani. Zikatoka leso, daftari na sindano.

"Sema tu ukweli," akasema. "Hatutakasirika."

"Naogopa," Jepchumba akasema. "Huo ndio ukweli. Naogopa huyu naye atakufa."

Akalia. Machozi yalitoka yakiwa maji, yakafika kidevuni yakiwa sukari, yakadondoka kwenye kisahani cha chai. Mama Rael alichovya kidole, akaonja.

"Ni safi," akasema. "Haina hata mchanga."

Kiplimo alirudisha vitu mkobani na kwenda kusahihisha madaftari. Kufuli lilitolewa. Sista Tryphosa naye, alipoambiwa, aliandika kwenye kadi: Sukari inatokea machoni. Apunguze viazi.

Nyumba hiyo haikununua sukari tena. Mama Rael alikuwa akipita na kisahani saa kumi jioni, Jepchumba akitoka bafuni na macho mekundu, na kopo likapanda juu ya mstari wa bluu. Alichota kidogo akawapelekea watu wa Chepsaita. Walisema inakolea vizuri kwenye maziwa. Kwa nini msichana analia kila siku saa kumi, hilo halikuulizwa na mtu.

Kisha mtoto akaanza kucheza. Alipiga mateke wiki nzima, asubuhi na jioni, na Jepchumba akalala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu mimba ishike. Aliamka akiimba. Kopo likashuka chini ya mstari, likabaki tupu.

Jumapili hiyo akina mama wa kanisa walikuja kumwombea. Maziwa yalikuwa yanachemka. Mama Rael alitazama ndani ya kopo, akalifunika, akaja kuketi karibu sana na Jepchumba, kisahani magotini. Akamshika mkono kwa upole, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya, na Jepchumba akafikiri: leo, hatimaye, ataniuliza ninavyojisikia.

"Hebu niambie tena, mama," Mama Rael akasema. "Yule wa kwanza alikufa vipi?"

Jepchumba akamweleza, tangu mwanzo. Chai iliwatosha wageni wote. Yake ilipikwa kando, bila sukari.