Alama ya Kutoa ya Bwana Joto

Profesa wetu tulimwita Bwana Joto, si kwa hasira zake bali kwa kanuni yake moja. Moja tu, tena ya miaka ishirini na mitatu iliyopita, na bado aliitembeza kama bibi harusi. Ofisini aliitundika ndani ya fremu, karibu na feni isiyozunguka. Debe tupu lile, lakini kuvuma lilivuma.

Kanuni ilihusu dunia ya karatasi, yaani yenye urefu na upana tu, isiyo na kimo. Sisi wanafizikia huikimbilia dunia hiyo kwa sababu hesabu za dunia halisi zinatushinda. Weka vumbi humo, liache liporomoke kwa uzito wake lenyewe. Mporomoko unautikisa utupu, na humo utupuni zinazaliwa chembe. Likipatikana shimo jeusi, chembe zinaendelea kutoka, na shimo linakuwa na joto. Bwana Joto alilikokotoa joto hilo kwa kipeuo cha pili cha uzito, baada ya kuutoa kiasi fulani kisichobadilika, akatangaza kwamba vumbi lolote, hata la kufuta kwa kidole, litaishia kuwa shimo lenye joto.

Uongo mtupu. Aliyeugundua ni binti wa kaka yangu, mwaka wake wa sita wa udaktari, na msimamizi wake ni huyohuyo Bwana Joto. Jumapili moja alikuja kwangu na karatasi kumi na nne, akazitandaza mezani kabla mke wangu hajaondoa sahani.

"Baba mdogo, nikagulie," akasema.

Alionyesha kwamba dunia ya karatasi ina kizingiti. Vumbi jepesi halifanyi shimo kabisa. Linasongamana kwenye ncha moja tu, chembe chache zinaruka, kisha kimya. Chini ya kizingiti hicho namba iliyo ndani ya kipeuo inakuwa hasi, na kipeuo cha hasi si joto la kitu chochote. Basi bwana mkubwa alifanyaje? Aliifuta alama ya kutoa, akaendelea na safari zake. Mtoto wa sekondari angepewa sifuri, yeye akapewa uprofesa.

Nilikagua hadi alasiri. Kila ukurasa nikauwekea vema kwa kalamu nyekundu, na kwenye wa mwisho nikaandika "Sahihi kabisa" na kutia saini. Nikamwambia asikubali kuiondoa sura hiyo kwenye tasnifu yake, nitakuwa naye bega kwa bega. Maneno matamu, na niliyasema nikiwa nimeshiba.

Aliamriwa na Bwana Joto aiondoe, akakataa. Siku ya utetezi mimi nilikuwa katibu wa kikao, kwa kuwa ndugu hapigi kura. Watahini wengine wawili, mmoja bingwa wa sumaku na mwenzake wa hali ya hewa, hawakujua lolote kuhusu vumbi wala mashimo, lakini Bwana Joto akikohoa tu wanaitikia kwa vichwa. Kazi yao ilikuwa kumvika kilemba cha ukoka. Alipomaliza kumsimanga binti akanigeukia mimi. Barua yangu ya kupandishwa cheo ilikuwa mezani kwake ikingoja saini, na sote wawili tulilijua hilo.

"Daktari, hesabu hii umewahi kuiona?"

Nikaufyata. Nikasema sijaiona, labda apewe muda airudie.

Zile karatasi kumi na nne zilikuwa mbele ya binti, ndani ya jalada lililo wazi nusu, na wino wangu mwekundu niliuona kutoka nilipokaa. Angezisukuma katikati ya meza tu, mimi na Bwana Joto tungeumbuka pamoja. Bingwa wa sumaku akamuuliza kama kuna mtu yeyote aliyemkagulia. Alinitazama kidogo, akalifunga jalada, akaliweka mapajani.

"Hakuna," akasema.

Wakamfelisha.

Mwaka huu watafiti wa ng'ambo wamechapisha jambo lilelile, na Bwana Joto anasema alilijua zamani. Hana haya yule mtu. Huwa namcheka waziwazi kwenye chumba cha chai, maana sasa nami ni profesa na hanitishi.

Juzi nilimkuta binti kwa kaka, anafundisha hesabu sekondari. Tangu ajue kusema hajawahi kuniita chochote ila baba mdogo. Aliniletea kiti, akainama kidogo.

"Shikamoo, Profesa," akasema.