Robo Kubwa Kuliko Theluthi

Kila Jumatano saa kumi jioni, walimu wa milimani na wenzao wa ziwani walikuwa wanajifunza pamoja. Ndivyo Mwalimu Polikarpo alivyokuwa akitangaza kila alipopata watu wa kumsikiliza, hata msibani. Alikwenda semina Songea, akarudi na begi jipya na neno "jukwaa", na wiki haijaisha akawa amewaingiza walimu wote aliowajua kwenye kundi la WhatsApp, kuanzia Mpepai huko juu mpaka Liuli ufukweni. Mpango wenyewe haukuwa mbaya. Mwalimu mmoja arushe video ya somo lake, wenzake waitazame, waseme palipopinda, na kila mtu aondoke na kitu.

Lakini mpango ni mpango na watu ni watu. Polikarpo alifungua kikao kwa "Tumsifu Yesu Kristu", na kwa kuwa hakuna mtu aliyelelewa Mbinga anayeweza kuiacha salamu hiyo ikae bila jibu, kila mwalimu alijibu "Milele amina", mmoja baada ya mwingine. Zikafuata shikamoo, maana humo walikuwemo wazee wa kustaafu kesho na watoto waliotoka chuo jana. Zikafuata pole za misiba. Kufika hapo nusu ya watu wameishiwa bando, na nusu iliyobaki inaandika "Somo zuri, hongera sana mwalimu" ili ionekane kwamba walikuwepo.

Mwalimu Tadea Ndunguru alilidharau kundi hilo kwa moyo wake wote. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, anayefundisha hisabati Darasa la Nne katika shule moja ya huko milimani. Jioni ya Jumatano alikaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba yake, mahali pekee pale kwake palipokuwa na mtandao, akasoma hongera zile huku anasonya.

"Vilemba vya ukoka," alimwambia Mwalimu Walburga, jirani yake. "Mtu kakosea kujumlisha ubaoni mchana kweupe, na wote wanampongeza. Hata mbuzi wangu angeguna."

"Sasa ulitaka wafanyeje, dada? Kumkosoa mtu mzima mbele za watu si adabu."

Walburga hakusema uongo. Huko kwao kosa la mtu mzima huambiwa pembeni, kwa sauti ya chini, na ikibidi hutumwa shangazi. Adabu hiyo imeokoa ndoa nyingi. Lakini mwalimu anayefundisha upotofu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa kwa sababu wenzake wana adabu ni hasara tupu, na hasara hiyo wanaibeba watoto.

Pamoja na masimango yote, Tadea hakuwa amejitoa kwenye kundi, kwa sababu alikuwa na shida. Hesabu za sehemu zilikuwa zimemshinda. Si kuzijua, kuzifundisha. Alieleza, akachora, akarudia kwa Kimatengo, na bado akiuliza theluthi na robo ipi kubwa, darasa zima lilinguruma "Robo!" kwa kuwa nne ni nyingi kuliko tatu. Aliyemuumiza kichwa zaidi ni Edina. Msichana huyo alikuwa amekwisha kukariri darasa, mtihani wa Darasa la Nne ulikuwa unakaribia, na baba yake, Ildefonsi, alishasema wazi kwamba akifeli tena basi, shule imemkataa, abaki nyumbani achume kahawa. Tadea alimpenda mtoto yule. Alikuwa mpole, mwenye macho ya kuchungulia kila kitu, na hakuwa mjinga hata kidogo. Kumwona akipotelea mashambani kwa ajili ya theluthi na robo kulimkera mno.

Basi akaamua kutumia maboga. Alichemsha moja la shambani kwake, na Walburga akachemsha jingine, wakayapeleka darasani kwenye beseni. Walburga akashika simu kurekodi, kwani zamu ya Jumatano ilikuwa ya Tadea. Kwanza darasa likaimbishwa "theluthi ni kubwa kuliko robo" mpaka madirisha yakatetemeka. Kisha Tadea akakata boga moja vipande vitatu, la pili vipande vinne, akamwita Edina mbele.

"Haya, mwanangu. Hizi theluthi, hizi robo. Nipe kipande kikubwa."

Edina aliangalia, akainama, akaangalia tena. Akachukua robo.

"Robo ndiyo kubwa, mwalimu. Angalia."

Darasa likaangua kicheko. Tadea, aliyekuwa ameamka alfajiri kupika maboga hayo, hasira zikampanda.

"Gogo wewe! Wenzako wanaimba wewe umelala? Hicho kichwa kimejaa nini, boga?"

Edina akakirudisha kipande kwenye beseni, akaenda kukaa. Hata kengele ya mapumziko haijalia, alikwisha kupewa jina la Boga.

Jumatano Tadea aliituma video ile yote, na chini yake akaandika: "Somo limenifia mikononi. Tazameni mniambie nimekosea wapi. Msinisifu." Video ilikuwa ya dakika kumi na mbili. Hongera ya kwanza iliingia dakika hiyohiyo, na nyingine zikaiandama kama mbwa wa kijiji. Somo zuri, madam. Mungu akuinue. Mwalimu mmoja aliusifu sana wimbo wa kufungia somo, na wimbo wa kufungia haukuwepo. Polikarpo naye, mwenye jukwaa lake, akaandika kwamba hiyo ndiyo mbinu shirikishi yenyewe, na kwamba angependekeza video ya Madam Tadea ionyeshwe kikao cha Mbinga mjini iwe somo la mfano.

"Na hawa ndio wanaosema watoto wa siku hizi hawasikilizi," Tadea alisema peke yake pale jiweni.

Alikuwa anainuka ndipo ukaingia ujumbe wa sauti, si kwenye kundi bali kwake mwenyewe. Aliyeutuma ni kijana mmoja anayefundisha ufukweni, Kilian, ambaye Tadea hakuwahi kumwona.

"Shikamoo, dada. Samahani nimekuja huku pembeni, kule mbele za watu nimeona vibaya. Nimeitazama mara mbili. Naomba kuuliza tu: yale maboga mawili yalilingana?"

Tadea alifyonya. Maboga yalingane, kwani yametoka kiwandani? Aliifungua video ili apate la kumjibu kijana huyo asiye na haya. Akaiona theluthi, kipande cha boga dogo la shambani kwake. Akaiona robo, kipande cha boga la Walburga, ambalo lilikuwa kama mtungi. Hata kipofu angeipapasa robo ile akajua ndiyo kubwa. Akamwona mtoto anainama, anapima kwa macho, anasema "Angalia," na mwalimu wake haangalii.

Alijiona mpumbavu, na kwa kweli alikuwa mpumbavu. Alikuwa amewacheka watu wasiotazama, kumbe yeye alisimama hatua moja kutoka kwenye beseni na hakutazama.

Alimpigia Kilian. Kijana alicheka kwa aibu, akasema yeye mwenyewe mwaka jana alifundisha sehemu kwa samaki wawili, mbasa mkubwa na mbasa mdogo, na akawachapa watoto waliokuwa sahihi. Hakuna aliyewahi kumwambia; aligundua kosa wakati anaosha kisu. Walizungumza mpaka salio la Tadea likakata: watoto wakate karatasi zilizolingana kwanza, wazipange moja juu ya nyingine, ndipo waulizwe lolote. Tangu kundi lile liundwe, hayo ndiyo yalikuwa mafunzo ya kwanza kufanyika.

Asubuhi Edina hakuja shule. "Boga anachuma kahawa, mwalimu," darasa lilimwarifu kwa furaha, na Tadea hakuwa na uso wa kuwakemea, kwani jina hilo alilitoa yeye.

Jioni alipanda mpaka kwa Ildefonsi. Alimkuta kwenye vichanja anageuza kahawa, Edina pembeni yake anachambua mbovu.

"Shikamoo, mwalimu," Edina alisema bila kuinua macho.

"Marahaba, mwanangu. Baba Edina, nimekuja kwa ajili ya huyu."

"Huyu umekwisha kusema ni gogo," Ildefonsi alijibu. "Mimi sina shule ya magogo. Nina kahawa."

Tadea hakujitetea. Alitoa simu, akampa aitazame video. Ildefonsi aliishika mbali na uso kama watu wasio na miwani wanavyofanya, akaitazama yote, dakika zote kumi na mbili. Ilipoisha akamtazama binti yake, kisha mwalimu.

"Mtoto alisema kweli."

"Alisema kweli. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenionyesha. Nimekuja kumwomba mtoto radhi."

"Picha hii imefika wapi?"

"Kwa walimu wote. Mpaka ziwani."

"Kosa lako wewe uliambiwa pembeni?"

"Pembeni."

"Yeye kaaibishwa mpaka ziwani, halafu radhi unamletea huku uani, kwenye kahawa?"

Tadea alinyoosha mkono. Alichukua simu yake, akafungua kundi, na palepale mbele ya Edina na baba yake akarekodi sauti. Alisema jina lake. Alisema maboga hayakulingana, na kwamba Edina, binti wa Ildefonsi, alitazama na kuona kweli, na mwalimu wake hakutazama, akamtukana. Alisema yeyote atakayeifanya video ile somo la mfano atakuwa anafundisha upofu. Alipomaliza akaituma.

Huko kileleni mtandao haukuwa na shida. Simu ikaanza kulia. Edina alisogea, akasoma kwa kunong'ona juu ya bega la mwalimu wake: Hongera, madam. Wasilisho zuri. Polikarpo aliandika kwamba wengine waige, na kwamba maandalizi ya kikao cha mjini yanaendelea vizuri.

"Hawajasikiliza?" Edina aliuliza.

"Hawajasikiliza."

Mtoto alizitupa punje mbovu zilizokuwa bado mkononi.

"Basi kesho useme darasani, mwalimu. Wale watasikia."

"Nitasema. Asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote."

Ildefonsi aligeuza kahawa mpaka mwisho wa kichanja, taratibu, kana kwamba hakuna mtu pale. Kisha akasema bila kugeuka:

"Edina, kafue sare yako jua halijazama."